Waifai Inayofika Barabarani

Jumatatu, 3 Juni

Imekatika tena! Mara ya nne tangu Ijumaa.

Nilikuwa nimemkalisha Baba kitandani, mito mitatu mgongoni, shati jeupe lililofungwa hadi kooni, mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, juu ya blanketi. Hawezi kutazamana na dada yake akiwa amelala na fulana, hata kama dada mwenyewe yuko Vava'u, kisiwani kwetu ng'ambo ya bahari, na wanaonana kwenye tableti. Kumvisha ni kazi ya nusu saa. Anasaga meno kwa maumivu. Shangazi Lesieli akatokea, akasema, "Penisimani, umekonda," halafu mdomo wake ukaganda wazi. Tukangoja. Baba kakaa wima dakika ishirini akiutazama uso ulioganda. Nilitaka kumlaza, akakataa, huenda dada yake angerudi. Hakurudi.

Daktari alisema zimebaki wiki, si miezi. Aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini, na Baba akauliza kwa nguvu kutoka chumbani, "Wiki ngapi?"

Ruta, kile kidude cha waifai tulichopewa na kampuni ya mtandao, iko sebuleni, dirishani, juu ya kabati la Mama. Chumba cha Baba kiko nyuma kabisa. Katikati kuna kuta mbili za matofali na bafu. Kesho nawapigia kampuni.

Jumanne, 4 Juni

Dakika hamsini za muziki, kisha mwanamke mpole. Akasema ruta hiyo ni ya zamani, tulipewa bure na mkataba, haiwezi kuvuka kuta zile. Nikitaka ya kwangu ninunue, wao hawana neno. Rahisi huvunja upishi.

Ila kwanza tuhakikishe hakuna jirani anayedoea, akasema. Akanifundisha kufungua ukurasa wa ruta kwa namba iliyobandikwa chini yake. Nikaanza kumsomea vifaa vilivyowahi kuingia. Simu yangu. Tableti ya Baba. Runinga. Na cha nne — Semisi.

Akauliza kama huyo ni jirani. Nikasema ni mdogo wangu. Basi sawa, akasema.

Si sawa! Semisi hajaonekana hapa miaka mitatu. Na ukurasa ule unaonyesha hadi saa. Jumapili iliyopita: ameingia saa kumi na mbili jioni na dakika mbili, ametoka kumi na mbili na nusu. Jumatano kabla yake, vivyo hivyo. Jumapili nyingine nyuma, vivyo hivyo. Ni saa yetu ya sala. Simu yake inaikumbuka waifai yetu tangu alipokuwa akilala gereji, basi akifika karibu inaingia yenyewe. Nadhani mwenyewe hata hajui.

Nimeufungua ukurasa ule mara sita leo.

Jumatano, 5 Juni

Nimechungulia kwenye pazia kabla ya sala. Gari la kijivu, ng'ambo ya barabara, nyuma ya mapipa ya taka ya jirani. Taa zimezimwa. Nikaona kiwiko dirishani. Nakijua kiwiko kile, nimekiogesha kilipokuwa kidogo.

Anakuja kusikiliza nyimbo zetu za sala.

Sikutoka. Ningetoka angewasha gari na kuondoka. Tangu nilipovunja ungo Semisi hakai chumba nilichomo. Nikiingia mlango huu, yeye anatokea ule. Ndiyo heshima ya kaka kwa dada kwetu, na ndiyo iliyompeleka gereji na godoro lake akiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Hata tungekutana barabarani, tungesemaje? Hatukuzoeshwa.

Siku ya mazishi ya Mama, Baba alimwambia mbele ya watu: mguu wako usikanyage nyumba hii mpaka nimezikwa. Amelishika neno lile kama lilivyo. Mguu haujakanyaga. Magurudumu hayakutajwa.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua. Baba kaniuliza mbona nachungulia sana nje. Nikasema natazama mvua.

Ijumaa, 7 Juni

Dukani kwa Nabil, karibu na stesheni, baada ya kazi. Anauza birika, pasi, vikaango vya umeme, na meza nzima ya ruta. Moja ina antena nane, imekaa kama kaa aliyepinduliwa chali. Nabil akasema hiyo ni ya vijana wa magemu, niachane nayo, mzigo wa bure.

Akaniuliza maswali kama daktari. Ukutani kuna kile kisanduku cheupe cha mtandao? Kipo. Basi nahitaji ruta tu, modemu sihitaji, na atakayetaka kuniuzia vyote viwili ni mwizi. Kuta za nini? Matofali. Watu wangapi? Wawili, nikasema. Halafu nikasema watatu.

Akanichagulia moja, ya wastani, nguvu ya kutosha. Niitoe dirishani, niiweke koridoni katikati ya nyumba, itafika hadi kwa Baba. Ikikaa dirishani nusu ya mtandao naigawia barabara. Na niipe jina jipya na neno la siri jipya, wadoezi wote wabaki nje.

Nilisimama na boksi mkononi. Kisha nikalirudisha mezani. Nabil akadhani ni bei, akanipunguzia. Nikasema nitarudi.

Jumamosi, 8 Juni

Zamu ya asubuhi dobini, kwenye nyumba ya wazee. Mashuka, mashuka. Mashine inazunguka na wewe unabaki na mawazo yako.

Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuliweka.

Jumanne ile, miaka mitatu iliyopita, Semisi ndiye alikuwa ampeleke Mama hospitali kusafishwa damu. Alitoka zamu ya usiku ghalani, akajinyoosha kidogo, usingizi ukamchukua mpaka saa nane mchana. Hiyo ni kweli. Ila mimi nilikuwepo nyumbani. Nilishika simu niite teksi. Mama akanishika mkono. "Acha, Kalo. Nimechoka na ile mashine. Tutakwenda Alhamisi."

Nikaacha. Nikamchemshia chai, tukakaa tukaongea habari za watu mpaka mchana. Alikuwa na furaha siku ile, Mungu anajua. Alhamisi alfajiri hakuamka.

Baba alipokuwa akimfukuza Semisi mbele ya jeneza nilikuwa nimekaa hatua tatu tu. Nilitazama mkeka. Semisi hakujitetea, maana hakujua kuna la kumtetea. Nilijiambia nitasema mazishi yakiisha. Kisha nitasema baada ya Krismasi. Kisha Baba akaanza kuugua, na nani anamtwisha mgonjwa maneno kama hayo? Sababu hazikuniishia hata siku moja.

Na sasa naulizia bei ya kidude cha kumfungia nje mara ya pili.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya kanisa nilipika majani ya magimbi na nyama ya kopo kwa tui. Baba kala vijiko viwili ili nisisononeke.

Nikamvisha. Vifungo viwili vya chini havikufungika, tumbo limevimba. Shangazi akaganda hata kabla ya salamu. Baba alisubiri kidogo tu, akafumba macho.

"Nivue," akasema. "Usinivishe tena mpaka siku ile."

Siku ile naijua. Nimeingia bafuni nikafungua bomba, nikalia mpaka maji yakawa ya moto kupita kiasi.

Semisi: ameingia kumi na mbili kasoro dakika moja. Leo alikaa mpaka saa moja. Hatukuimba. Sijui alikuwa anasubiri nini.

Jumanne, 11 Juni

Nimerudi kwa Nabil. Nikamwambia nataka inayofika chumba cha nyuma na inayofika barabarani.

"Barabarani? Dada yangu, mtu hailipii barabara waifai."

"Nina mtu huko."

Alinitazama. Hakutania tena. Akatoa boksi jingine, vidude viwili vyeupe vya duara, kimoja kinakaa mbele na kimoja nyuma, vinasaidiana, nyumba nzima inakuwa na waifai moja. Nikamuuliza lile lililonikaba tangu Ijumaa: simu ya zamani itaingia? Akasema nikiipa ruta mpya jina lile lile na neno la siri lile lile, herufi kwa herufi, kila kilichokuwa kikiingia kitaingia chenyewe. Hakiombwi, hakiulizwi.

Akataka nimwandikie jina hilo, asije kunielekeza vibaya. Nikaliandika: *Ikulu ya Gereji*. Semisi alilipachika akiwa na miaka ishirini. Nabil akacheka kwa nguvu. Nami nikacheka, halafu nikajikuta nalia pale pale kati ya birika. Akajifanya kutafuta mfuko.

Jumatano, 12 Juni

Niko jikoni. Naandika mambo yakiwa bado yanaendelea.

Asubuhi nilichomoa ruta ya kampuni. Juu ya kabati pamebaki alama ya mraba isiyo na vumbi. Kidude cha kwanza nikakiweka pale pale, dirishani, nikakiita *Mbele*. Cha pili kizingitini pa chumba cha Baba, nikakiita *Kwa Baba*. Jina la zamani, neno la zamani. Simu yangu ikaingia yenyewe. Nikasubiri jioni.

Baba alikataa shati. Nikamwambia Shangazi hataganda leo, naapa. Akasema nisiape kwa ajili ya mashine. Lakini mikono akainyoosha.

Saa kumi na mbili Shangazi akatokea — safi kabisa! Mpaka kovu lake la kidevuni. Baba akamtazama, akamtazama. Waliulizana habari za viazi vikuu, za paa la kanisa, za waliokufa. Vava'u kulikuwa saa tatu usiku, Shangazi kajifunika shuka mabegani. Nilikuwa nimepiga magoti kando nimeshika tableti, na simu yangu nimeiweka mapajani. Orodha ilikuwa wazi, ile inayoonyesha kila simu imeshika kidude kipi. Semisi — *Mbele*.

Kisha Shangazi akauliza kijana yuko wapi. Kwake Baba habishi, ni dada yake mkubwa. Akajibu hivi tu: "Alimsahau mama yake."

"Hakumsahau." Sauti ikanitoka, sikujua kama ni yangu. "Mama alikataa kwenda, Baba. Nilikuwa naita teksi, akanizuia. Nilikuwepo."

Uso wa Shangazi ukatulia kwenye kioo, nikadhani imeganda. Haikuganda. Niliona anapepesa macho.

"Umekaa na hilo miaka mitatu, Kalolaine?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Penisimani," akasema, "umesikia."

Baba hakunitazama. Alitazama ukuta, pale picha ya Mama ilipo. Tableti ilikuwa nzito kama jiwe mikononi mwangu. Baadaye akauliza kijana yuko wapi, akimuuliza Shangazi, si mimi. Mimi ndiye niliyejibu. Yuko nje, barabarani, kwenye gari, huja kila Jumatano na kila Jumapili saa ya sala. Akauliza nimejuaje. Nikamwonyesha simu. Jina la mwanawe lilikuwa limeandikwa pale, akalisoma kwa kusogeza midomo.

"Fungua dirisha," akasema.

Baridi ya Juni hii! Na kifua chake! Nikafungua. Akaanza wimbo wa Mama, ule wa jioni. Sauti haikufika hata mlangoni. Shangazi akaupokea kutoka Vava'u, nami nikaingia na sauti ya pili, na sauti ya chini ya Semisi haikuwepo, kama ambavyo haijakuwepo miaka mitatu. Ubeti wa pili nikatazama mapajani. Nikaburuta orodha ijipange upya, nikaburuta tena.

Semisi — *Kwa Baba*.

Hakuna njia ya hilo kutokea ila awe amevuka barabara, ameshika ule ujia wa kando ya nyumba, amesimama chini ya dirisha. Nikaegemeza tableti kwenye mto, nikainuka. Nikiwa mle ndani hawezi kuingia. Nimepita koridoni bila kugeuka, nimefungua mlango wa nyuma nikauacha wazi, nimekuja kukaa huku jikoni, mgongo nimeupa mlango, daftari hili mbele yangu.

Baba hajasema aingie. Kuhusu lile la Mama hajaniambia neno, na huenda hataniambia kamwe. Nimestahili.

Wimbo umekwisha. Shangazi anaongea peke yake, simsikii vizuri. Baridi inapita miguuni kutoka mlangoni. Simu iko hapa mezani. Bado inasema yuko *Kwa Baba*. Haisemi yuko upande gani wa ukuta.