Maelezo ya Maneno bin Rehani Juu ya Banda la Serikali Lililoungua Mkuyuni

Boma la Morogoro, Jumamosi tarehe 15 Oktoba 1910, mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa boma.

Jina: Maneno bin Rehani. Umri: thelathini na kitu. Kazi: kurina asali. Makao: Mkuyuni. Kusoma: najua herufi nyingi, si zote.

Kwanza iandikwe kwamba mimi ni mtu wa bahati. Nimefika Tabora na Bagamoyo, na tangu nizaliwe nyuki hajaniuma. Nyuki wakiniona hunipisha, kama mtu anavyompisha mkwewe.

Mnamo tarehe 13, yapata saa nne asubuhi, askari Severini aliniita kwenye banda la serikali wanamolala wasafiri. Nyuki walikuwa wameingia kwenye paa la nyasi, naye alitaka asali. Nilipanda. Yeye alishika mwenge wa kuwafukiza. Nyuki walipotoka alilia, "Mama yangu!" akautupa mwenge juu ya paa, akaenda kujitosa mtoni. Banda likashika moto.

Jirani yangu Mzee Mwinjuma alikuwa akipalilia migomba. Alikuja mbio na mtungi wa maji auzime. Akida alipofika na kuuona mtungi, akapiga kelele: "Maji! Wale wa vita vya Maji Maji wamerudi!" Mzee akatiwa mnyororo. Alisema tu, "Mwanangu, siku hizi moto unazimwa na nini?" Tunasikia atanyongwa.

Jana sokoni Chausiku, muuza vitumbua, aliniambia, "Shemeji, usiwe mjinga. Serikali imelichoma banda lake yenyewe, ipate sababu ya kutuswaga tukalime barabara."

Nikamwambia, "Shemeji, lini serikali ilihitaji sababu? Mwaka jana ilituswaga bila hata njiti ya kiberiti."

"Basi Severini alitumwa."

"Aliyetumwa angeiacha bunduki yake iungulie ndani? Ndiyo maana sasa anaogopa kusema kweli."

Chausiku akafikiri, akageuza kitumbua. "Ndio ujanja wenyewe huo."

Bwana Shauri, akida amekosea na Chausiku amekosea. Hapakuwa na njama ya watu wa maji, wala ya serikali. Palikuwa na askari mwoga na nyuki wenye hasira.

Nimesomewa niliyoyasema, nimeyatambua kuwa yangu. Alama ya dole gumba.

Neno la Bwana Shauri, kwa mkono wa karani: Severini amekana kuwapo kwa nyuki. Shahidi naye anasema hakuumwa. Basi nyuki hawakuwapo. Mwinjuma abaki kwenye mnyororo.

Nyongeza ya shahidi, palepale: Karani, usifunike wino. Nimevua kanzu. Tazameni mgongo, na chini ya mgongo nikiruhusiwa. Miiba mingine bado imo. Siku ile niliwahi kufunika uso tu. Nyuki huniuma, Bwana. Huniuma kila nikirina. Ile bahati ni uongo.