Chausiku Hana Mimba

Temeke, Dar es Salaam

Mke wangu mpenzi Perpetua,

Tumsifu Yesu Kristu. U hali gani huko Mahenge, na huyo aliye tumboni anachezaje? Mama anakulisha vizuri, au bado anakukataza mayai? Mimi ni mzima, kazi ya bohari huku Kurasini inaendelea, ila ugali wangu haujaiva hata siku moja tangu uondoke. Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu, akiuona hutikisa kichwa na kuniletea wali.

Sasa kaa vizuri nikupe habari za paka wako. Chausiku hana mimba. Uliondoka ukiamini anayo, nasi sote tuliamini, maana matiti yake ya upande wa kushoto yalikuwa yamejaa. Nilimtengenezea sanduku la kuzalia. Majirani walishagawana watoto, mke wa seremala akataka dume, na Bi Zuhura akawa anamtilia dagaa kila asubuhi, eti mzazi ale. Watoto hawakuja. Bi Zuhura akasema ni maziwa yameganda, akawa anamkanda kwa maji moto. Siku moja akaacha kukanda, akaniita. "Hebu shika hapa, baba. Maziwa gani haya magumu?" Chini ya ngozi palikuwa na kitu kama korosho.

Nikamtia kikapuni, nikampeleka kwa daktari wa mifugo njia ya Pugu. Wenye ng'ombe waliokuwa wakingoja pale walicheka hadi machozi. "Bwana, huyo naye anakamuliwa?" Nikawajibu kuwa anatoa siagi tu.

Daktari, Mzungu mrefu wa maneno machache, hakucheka. Alimpapasa titi moja moja, akamshika kwapani, akasikiliza mapafu. Akaniambia ni uvimbe, na kwa paka uvimbe wa titi mara nyingi ni ule mbaya. Ukiondolewa ungali kama punje ya kunde, paka huweza kuishi miaka. Ukifikia yai, huwa umeshatembea hadi mapafuni. "Huu uko katikati," alisema. "Nikikata nitaondoa safu nzima ya upande huo, maana titi moja likiugua, jirani zake si salama. Ila siwezi kukuahidi kitu."

Perpetua, niliogopa. Nilikumbuka tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, ulivyokuwa huongei na mtu, na paka huyu alivyokulalia miguuni mpaka ukaanza kula tena. Nikawaza, akifia mezani nitakuandikia nini wewe, na hali uliyo nayo? Nikamwambia daktari nitafikiri, nikarudi naye nyumbani. Bi Zuhura akanikuta nimekaa kibarazani, nikamweleza. "Wangoja nini, aoze? Mie nafuga paka tangu niko mwali. Kikipasuka hicho, hata wewe utamkimbia. Kesho umrudishe." Nikamrudisha.

Alipewa dawa ya usingizi, akakatwa, akashonwa kutoka kwapani mpaka karibu na paja. Kwapani kwenyewe, ambako ugonjwa huu hukimbilia kwanza, daktari hakukuta kitu, na mapafu yalisikika safi, ndiyo maana nina moyo. Nyumbani akaanza kulamba nyuzi, Bi Zuhura akamshonea kizibao cha kitambaa cha amerikani. Alipovishwa alitembea kinyumenyume uani kutwa nzima, akidhani kuna mtu amemkamata. Sasa nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga, manyoya yanaota, na jana alikamata panya jikoni.

Sikufichi lolote. Uvimbe unaweza kurudi, upande ule au huu wa pili. Kwa hiyo kila Jumapili nikitoka kanisani nampapasa kama nilivyofundishwa, na nasikiliza kama anakohoa. Mpaka leo sijakuta kitu. Daktari amesema akivuka masika bila uvimbe mwingine, atafurahi. Mzungu yule akisema atafurahi, ujue wengine wangepiga ngoma.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu, na umwambie mayai hayajamdhuru mtoto wa mtu. Baba mkwe mwambie panga aliloniagiza nimelipata. Shangazi mkunga namshukuru kwa kukutazama, na shemeji yangu anayesoma misheni aongeze bidii.

Jambo moja sikumwambia daktari. Alipomchukua Chausiku kumpeleka mezani, sikumwombea miaka mingi. Niliomba tu afike siku utakayoingia mlango huu umempakata mtoto wetu. Na sasa naamini atafika.

Ni mimi mumeo akupendaye,
Fidelis