Mama Mkwe Anamwagia Maji Sakafu Yangu ya Mninga

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijakosa vyote viwili, sakafu na mke. Mimi nimejitafutia mwenyewe, nilianza kwa kusomba mpunga kwa baiskeli kutoka Usevya, leo nina nyumba ya bati hapa Shanwe, na mwaka huu nikasema sebule yangu haitakuwa ya saruji kama ya kila mtu, nikapigilia mninga mtupu, mbao tisini na sita, kila moja upana inchi nne, nikazibana ukuta kwa ukuta hata wembe haupiti, nikapiga randa, msasa, vanishi mara tatu, ukiinama unajiona meno.

Kisha mke wangu Kabula akajifungua, mama yake akaja kumsaidia uzazi, na kila alfajiri huyu mama ananyunyiza maji sebuleni ndipo anafagia, kama kwao kwenye sakafu ya udongo, ili vumbi litulie. Vumbi gani, mshauri, juu ya vanishi? Nami siwezi kumwambia, maana kwao Wasukuma mwanamume hasemeshani na mama mkwe, hata kutazamana ni aibu, basi nalala stoo juu ya magunia, nasikia tu pwa, pwa, natafuna shuka.

Juzi sakafu ikainuka katikati, mlango ukakwama, mama mkwe ndani, mimi nje. Nikausemesha mlango: "Ewe mlango, aliye ndani asogee, nakupiga bega!" Naye akaujibu mlango huohuo: "Mwambie mwenye nyumba sebule yake inaota kichuguu, nami kila siku nakifagia."

Nikamwambia Kabula mama arudi kwao. Akasema, "Baba Malale, mama akitoka, mimi na mtoto tuko nyuma yake." Nifanyeje?

Telesfori, Shanwe

Bwana Telesfori, pole, ila pole yangu ni ndogo. Umehesabu mbao zote ukasahau kuacha nafasi ya kidole ukutani! Mbao ikinywa unyevu hutanuka, ukiinyima pa kwenda pembeni itakwenda juu. Hata bila mkwe, masika yangekuumbua. Mama kaharakisha tu. Tena mama mkwe anaamka kabla yako kufagia nyumba isiyo yake, wewe unatafuna shuka!

Sasa sikia. Usiguse randa mbao zikiwa zimelowa. Ukichonga kilima leo, zikikauka utapata shimo. Fungua madirisha, ng'oa mbao za mwisho zilizogusa ukuta, nyingine zipate kupumua. Mvua zikikatika, zirudishe ukiwa umezipunguza upana wa kidole, kisha msasa na vanishi upya.

Habari ya maji mwachie Kabula amweleze mama yake kwa upole: fagio kavu na kitambaa, basi. Hajaambiwa na mtu, angejuaje?

Lakini kwanza, leo hii, mwombe Kabula radhi kwa kutaka kumfukuza mama yake. Mbao zitasubiri kiangazi. Kabula usimsubirishe hata chai ichemke.