Kumbukumbu ya Tokuji Nagahama, Aliyeanguka Mtoni Mbele ya Kamera

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotoka nyumbani hapa Kyoto alfajiri, upanga wa mianzi kwapani, na jioni ukarudishwa umelazwa juu ya ubao wa mlango.

Kazi yako ilikuwa kuuawa. Katika filamu zile bubu za mapanga shujaa mmoja hukata watu thelathini, nawe kwa miaka kumi na moja ulikuwa miongoni mwa hao thelathini. Hukuwahi kuua hata mmoja. Nyumbani ulijizoeza kuanguka mkekani, Mama akikutania: "Hapo hujafa bado, Baba Orie. Rudia." Ukarudia, mpaka majirani wakagonga ukuta.

Siku ile ya Februari zamu ya kuanguka mtoni ilikuwa ya mzee Bunkichi, mwigizaji mwenzako. Ulimsikia akikohoa. "Mzee, wewe ota moto," ulimwambia. "Maji haya niachie mimi." Ukapigwa upanga, ukaanguka, kichwa kikakuta jiwe. Mpiga picha akazidi kuzungusha mkono wa kamera. Mwongozaji akasema, "Msimguse. Leo anakufa vizuri kweli."

Walikupigia makofi, Baba. Aliyekufuata majini ni Bunkichi, na kikohozi chake.

Filamu ilipofika mtaani kwetu, Mama alikwenda kila siku. Msimulizi aliyesimama kando ya pazia kuisemea filamu bubu alikuwa akisema, "Na huyu naye akaenda na maji, asiye na jina." Siku ya nne Mama akainuka. "Anaitwa Tokuji," alisema. Mtu wa nyuma akamjibu, "Kaa chini, mama, unatuziba."

Mwezi wa tisa tulikwenda studio kuomba kile kipande tu, pale ulipogeuka kabla ya kuanguka, maana picha nyingine ya uso wako hatuna. Karani alitupokea kwa heshima. Filamu zenye sauti zimeingia, alisema. Zile bubu zimeyeyushwa ili kutoa madini ya fedha yaliyomo.

"Haikubaki hata moja?" Mama aliuliza.

"Hata moja, mama. Poleni."

Siku hizi Mama anatuuliza kovu lako lilikuwa kwenye nyusi ipi. Mimi nasema ya kushoto. Hidezo anasema ya kulia.

Unakumbukwa na mkeo Shige, wanao Orie na Hidezo, dada yako Tome, na mzee Bunkichi, ambaye haigizi tena.

Daima umo mioyoni mwetu, Baba, hata sasa sura yako inapotutoka.