Mota za Kiti cha Mama

Kaka yangu,

Huku tu wazima, ila paka kahamia kwa jirani kwa sababu ya kifaru. Si yule wa mbugani. Ni kifaru cha jeshi, kikubwa kuliko meza ya sebuleni, ambacho baba amekiunda kwa mabati na anakiongoza kwa rimoti. Hata minyororo kaiunga mwenyewe. Nilimwambia, "Baba, utavunja kabati." Akanijibu, "Kabati ndilo lisogee."

Uliulizia kile kiti cha magurudumu cha marehemu mama, umpelekee mama mkwe wako. Usikasirike, kaka: mota na betri zake ndizo zinazoendesha kifaru. Baba alizifungua bila kuniuliza, nami nikamnunia wiki nzima.

Jana nilikuwa jikoni napika, nikasikia mvumo uleule ukija koridoni. Kabla sijafikiri nikaita, "Mama, polepole hapo kizingitini!"

Baba alipunguza mwendo, kifaru kikavuka kizingiti taratibu, upande mmoja kwanza, kama alivyokuwa akivuka mama.

Mama mkwe mtafutie kiti kingine.

Ni mimi, dada yako mnunaji