Uso Wako ku Chupa ya Stany

Manika, Kolwezi
Tarehe 12 Machi 2025

Mupendwa Laure, mutoto wa kaka yangu,

Jambo sana. Uko muzima? Baridi ya Liège imepunguka? Unakula kweli? Mu foto mashavu yako yameisha, nikanuna siku nzima. Sisi huku tunapumua vumbi ya migodi, lakini tuko. Mi ni magoti tu njo yananisumbua. Mungu asifiwe.

Tata yako hayuko muzima. Miguu imevimba, na dokta anasema figo zinageuka kovu. Alikuwa anaendelea vizuri na bidonge bya hospitali, akabiacha. Mwenye alimuachisha ni kuzen yako Stany, ule nyoka!

Unakumbuka sauti yenye ulitutumia ku simu mu groupe ya famille, na foto yako mu blouse nyeupe ya kazi ya maabara? Ulisema kuna kitu munapata mu majani ya muti, na mu ka-sahani ya labo kinazuia seli za figo zisigeuke kovu. Kinazuia, njo ulisema. Tena mu ka-sahani. Basi Stany akachemusha majani anayoyajua mwenyewe, akajaza mu chupa, akabandika foto yako, akaandika: INATOSHA KOVU YA FIGO. Na kwetu kutosha ni kuondoa! Neno moja tu aligeuza, na sasa batu banakuja kununua toka Tenke mupaka Lubudi.

Nilimunyanganya tata yako ile chupa. Alilia, Laure. Anasema mutoto wake njo aliitengeneza, na mi niko na wivu. Jirani akamuletea ingine.

Padri ananiambia nimusamehe Stany. Nikamujibu: mon père, kunywa kwanza chupa moja, kisha tuongee. Aka! Sisamehi. Kila Jumapili, siku ya Mungu, misa ikiisha, anasimama ku mulango wa kanisa kuuza. Siku za mwizi ni arobaini, na zake zimetimia. Nimeazima haut-parleur, ile kipaza-sauti ya baimbaji ba kanisa. Nataka sauti yako itokee pale, mbele ya mama-mukwe wake Henriette na batu bote. Aibu imukule. Akimbie Kolwezi na viatu mu mikono, na mi nitakuwa nacheka.

Basi nitumie sauti ingine ku simu, lakini usiseme Kifaransa, atakitafsiri anavyotaka. Sema hivi: "Mi Laure sijapata dawa ya kutosha kovu. Tata, rudilia bidonge. Stany ni mwongo." Hiyo ya mwisho irudilie mara mbili, ni yangu.

Usichelewe. Leo asubuhi nilimupa bidonge, akafunga kinywa kama mutoto. Hana tena nguvu ya kujimiminia mwenyewe. Akanyoosha mukono kwenye chupa, akaniambia: "Dada, nipe Laure wangu."

Mukuna na Huguette, batoto ba hapa nyumbani, banakusalimia. Bwana akulinde huko, akupe afya, na akunyime huruma mupaka siku ya Mungu ipite.

Ni mi, shangazi yako mwenye kukupenda na mwenye hasahau,
Mbombo