Winchi ya Tani Moja

Mwenzangu, usinipigie, soma tu. Nimejifungia chooni kazini.

Msimamizi ameniamuru niinue mota ya tani mbili kwa winchi ya umeme ya tani moja. Imeandikwa ubavuni, TANI MOJA! Nikakataa.

Akacheka mbele ya mafundi wote. "Mama, hii si ndoo ya maji. Lete rimoti."

Ndoo ya maji! Miaka tisa naendesha winchi!

Nikawaondoa watu karibu na mzigo. Yeye mwenyewe nikamvuta shati hadi pembeni. Akaichukua rimoti, akabonyeza. Mota ikafika usawa wa kiuno, breki ya winchi ikazidiwa, mota ikateleza, ikatua puu! Sakafu imepasuka pale pale alipokuwa amesimama.

Unadhani alishukuru? "Nani alikagua breki asubuhi?"

Mimi! Ilikuwa nzima, kwa tani moja!

Sasa anataka niandike kwenye ripoti kwamba winchi ilikuwa mbovu. Nimeandika: "Winchi ilikuwa nzima. Msimamizi aliibebesha tani mbili, nami nilikataa."

Nikampa fundi wa kuchomelea asaini kama shahidi. Akatazama viatu vyake. Wote wakatazama viatu vyao, mwenzangu. Wote!

Basi nimesaini peke yangu.

Msimamizi ananiita huko nje. Natoka, na karatasi ninayo mkononi.